Isale la Baba

Nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa nimeinama nyuma ya kaunta nafungua robota la mashuka kwa kisu, jasho linanitiririka mgongoni, mara nikasikia mtu anasema "Shikamoo mzee," na kisu kikaniponyoka. Sauti ile naijua. Nimeisikia ikinong'ona kwenye boti yetu ya matibabu wakati wagonjwa wamesinzia. Nimeisikia ikihimiza "Sukuma mama, sukuma!" ndani ya kibanda kilichojengwa juu ya nguzo katikati ya mikoko ya Rufiji. Nimeisikia ikiniambia nakupenda, mwenyewe akiwa na tope mpaka magotini. Leo iko Kariakoo, dukani kwetu, mbele ya baba yangu.

Jamani, nilitamani robota lile linifunike.

"Marahaba," baba akajibu kwa sauti yake ya kupokea wateja. Halafu akamtazama vizuri. "Wewe si yule daktari wa boti?"

"Ndiye mimi, mzee. Dhaval."

"Umefuata nini hapa?"

"Mashuka."

Baba yangu, Mzee Anaeli, ameuza mashuka na mapazia kwenye mtaa huu tangu mimi sijazaliwa. Mchukie, mnunie, mpigie kelele, lakini ukimtajia mashuka lazima atakuuliza swali moja. Ni ugonjwa. Wachaga wenzangu mtanisamehe, ila mnajua ninachosema.

"Ya ukubwa gani?" akauliza, uso umemkunjamana kama aliyelamba mwarobaini.

"Ya vitanda vidogo vya kwenye boti, mzee. Na ya kuwafunika kina mama wakishajifungua. Meupe, kama yapo."

"Meupe yako stoo, juu." Nilimwona anapambana na nafsi yake, amfukuze kijana au amhudumie mteja. Mteja akashinda. "Elieshi! Panda ukamtolee robota la meupe. Halafu urudi chini hapa."

"Naomba nikamsaidie kubeba, mzee."

"Atabeba. Ana nguvu."

"Baba Aaron," mama akaita kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango, macho hajayainua kwenye pazia alilokuwa analipinda. "Mtoto ametoka kuugua juzi juzi. Mwache kijana abebe."

Mama yangu Fortunata haongei hovyo, kwa hiyo akiongea nyumba nzima inatulia. Baba akageuza uso kutazama barabara. Nikainuka nyuma ya kaunta, na ndipo macho yangu na ya Dhaval yakakutana. Alikuwa amekonda. Ndevu hajanyoa, shati limekunjamana la safari, na yale macho yake makubwa meusi yalinitazama kama ananipima homa. Nikasahau hata kumsalimia. Nikatangulia ngazi, na nyuma yangu nikasikia hatua zake.

Stoo yetu ni chumba kirefu chenye giza, marobota yamepangwa mpaka darini, katikati kumebaki njia ya kupita mtu mmoja. Kuna dirisha moja la nondo linalotazama mtaani. Chini wamachinga walikuwa wananadi viatu kwa kipaza sauti. Nikaenda moja kwa moja mpaka dirishani, nikashika nondo.

"Mambo?" akasema.

Niligeuka kwa hasira. "Mambo? Umetoka Nyamisati kule Rufiji mpaka Kariakoo kuja kuniambia mambo?"

"Ulitaka niseme nini, Eli? Nimekupigia mpaka nimechoka. Hupokei. Meseji naona umesoma, hujibu. Nikadhani umekufa."

"Nimekufa nasoma meseji?"

Akacheka. Na mimi nikacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, nikajifuta haraka kwa kanga ya begani. Akataka kusogea. Nikanyoosha mkono kumzuia.

"Bakia hapo hapo. Baba anahesabu hatua zako kule chini."

"Basi niambie tu. Kama umenichoka, sema nijue. Kama ni kwa sababu mimi Mhindi, sema."

"Baba yangu hajafika kwenye Uhindi bado. Huo ataufikia akishamaliza la mto."

"La mto lipi? Boti iligonga gogo ikapinduka, Eli. Gogo limelala chini ya maji, nani angeliona? Nahodha ameitengeneza, maboya ya kujiokoa tumeongeza. Wiki iliyopita tumekwenda mpaka kijiji cha mwisho. Watoto wamechanjwa. Kina mama wote wanakuulizia. Husna ndiyo usiseme."

"Husna hajambo?" Moyo ulinipasuka paa. Husna ni mgonjwa wangu, mimba yake ya pacha nimeitunza tangu haijaonekana.

"Tumbo limeshuka. Anasema sista asipokuja yeye hazai."

"Mwambie aache wazimu."

"Mwambie mwenyewe. Gari liko Mnazi Mmoja linapakia dawa. Likijaa tunaondoka, leo leo. Nimekuja kukuchukua."

Haya. Yalikuwa yamefika. Kwa muda wote ule nilikuwa nafikiria siku hii, usiku nimelala chumbani kwangu ghorofa ya tatu, juu ya stoo hii hii, juu ya duka hili hili. Asubuhi nashuka ngazi, nauza mashuka. Jioni napanda ngazi, nalala. Jumapili natolewa kwenda kanisani, baba kulia, mama kushoto. Mkunga mzima, mwenye leseni yangu na akili zangu, ninaongozana na wazazi kama mtoto wa kipaimara.

"Siwezi kwenda," nikamwambia.

"Unaogopa maji?"

"Siogopi maji! Nani kakwambia naogopa maji?" Nilipandisha sauti, nikaishusha. "Nimeshika isale, Dhaval."

"Umeshika nini?"

Nikakaa juu ya robota, nikamweleza. Kwetu Machame kuna mmea unapandwa mipakani na makaburini, una majani marefu ya kijani. Mtu akikukosea kosa kubwa, au akiwa na ombi ambalo amelibeba moyoni, analikata jani lile, analifunga fundo, anakuletea. Ukishalipokea hukatai. Hakuna cha Mlutheri wala Mkatoliki, hakuna cha msomi wala asiyesoma. Nimeona ndugu waliotaka kuuana kwa mapanga wanakaa chini na kulia kwa sababu ya isale. Na sijawahi kumwona aliyelipokea akarudi nyuma akabaki salama kwenye ukoo.

"Nilipokuwa nimelazwa, baada ya boti kupinduka," nikasema, "baba aliagiza isale kutoka nyumbani. Likaja na basi. Akaniletea kitandani, akaniomba nisipande tena boti ile maisha yangu yote. Nikalipokea."

"Ulikuwa na homa ya mapafu. Nilikuwepo mpaka waliponitoa wodini. Ulikuwa hata hunitambui."

"Wanasema nilipokea kwa mikono miwili. Kesho yake homa iliposhuka, mama aliniambia, nikalikuta chini ya mto wangu. Limeshakwisha hilo."

Nilijiandaa. Nilikuwa nimejiambia kwamba akicheka tu, akisema "jani tu hilo," nitampiga kibao na mapenzi yaishie hapo hapo stoo. Hakucheka. Aliegemea marobota, akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili.

"Mama yangu hanywi chai yenye sukari," akasema.

"Anaumwa?"

"Ameweka nadhiri. Siku niliyoacha duka la mzee nikaenda kwenye boti, mama yangu Madhuben alisimama mbele ya miungu yake akasema hataonja sukari mpaka nirudi. Unajua Mgujarati na sukari? Sisi hata kwenye dengu tunaweka. Kila nikienda kumwona, ananipikia mimi vitamu, anakaa ananitazama ninavyokula. Hasemi chochote. Ananitazama tu. Kwa hiyo usifikiri sielewi, Eli. Naelewa. Isale lenu likitolewa, nani anaweza kulifuta?"

"Aliyelitoa."

"Basi nitamwomba aliyelitoa."

"Dhaval, usithubutu!"

Lakini alishaliinua robota begani, ameshaanza kushuka. Nilimfuata mbio mbio, namvuta shati, ananikwepa. Nyie, mwanamume akishaamua kupenda hana breki.

Dukani hapakuwa na mteja. Baba alikuwa amesimama mbele ya kaunta, mikono nyuma. Dhaval akasimama mbele yake na lile robota bado liko begani.

"Mzee," akasema, "nampenda binti yako. Ningependa kuleta wazee wangu, lakini baba yangu Mansukhlal hataki kunisikia, kwa hiyo nimekuja mwenyewe. Leo sikuombi mchumba. Nakuomba kitu kimoja. Mfungulie. Aje kwenye kazi yake. Kuna mama kule anamsubiri."

"Mimi sijamfunga mtu," baba akasema taratibu. "Mlango huo hapo. Muulize mwenyewe kwa nini hatoki."

"Amenieleza kuhusu isale."

"Basi kama amekueleza, kwa nini unanisumbua? Alipokea. Mtu mzima, akili timamu, alipokea kwa mikono yake miwili. Yameisha. Lipia mashuka uende salama, kijana."

Dhaval alinigeukia. Niliinamisha kichwa, nikaona vidole vya miguu yangu vyenye vumbi la duka, nikawaza hivi ndivyo nitakavyozeekea hapa.

"Hakupokea," mama akasema.

Alikuwa ameliweka pazia chini. Sindano ilikuwa bado iko mkononi.

"Fortunata," baba akamwita.

Nilishtuka. Baba hamwiti mama jina lake. Ni Mama Aaron, asubuhi na jioni, kwa jina la kaka yangu aliyechukuliwa na mafuriko.

"Hakupokea, Anaeli. Mtoto alikuwa anaweweseka, anaongea na Aaron. Ulimwekea jani mkononi, akalisukuma likaanguka sakafuni. Nikaliokota mimi. Nikamwekea kiganjani, nikamkunja vidole kimoja kimoja juu yake. Akashika, ndiyo. Hata kichanga ukikiwekea kidole kinashika. Yeye ni mkunga, anajua." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nilitaka ubaki, mwanangu. Nilikuwa nimeshakuona umekufa. Lakini nimekaa kwenye kiti hiki nakutazama unavyokunja mashuka, na siwezi kuendelea."

Nje mtu alikuwa bado ananadi viatu.

"Ulijua?" nikamuuliza baba.

"Nilikuwa nimesimama pale pale," akasema.

"Kwa hiyo ulijua! Nimekaa humu ndani naogopa kuvunja neno nililolitoa, nasoma meseji za mtu ninayempenda nalia kwenye mto, kumbe sikutoa neno lolote! Nililisukuma! Hata homa haikunitoa akili, baba, nililisukuma!"

"Elieshi..."

"Usiniite!"

Nilipanda ngazi bila kugusa ukuta. Begi langu la kazi lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa vile vile lilivyorudi kutoka hospitali. Nikalitia nguo mbili, nikachukua chaja. Nilikuwa nalia na nafsi yangu inaruka kwa furaha, vyote kwa pamoja, na kusema kweli furaha ilikuwa kubwa zaidi. Niliposhuka, Dhaval alikuwa bado amesimama na robota begani, mtoto wa watu, hajui alishushe au aondoke nalo.

"Twende," nikamwambia.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni baba aliposema, "Sina jani."

Sikutaka kugeuka. Niligeuka.

Alikuwa amekaa juu ya kigoda, mikono imefunguka magotini, viganja juu. Baba yangu mrefu, baba anayebishana na wenye makontena, alikuwa analia mbele ya mtu baki, na hakujifuta.

"Sina jani, sina hila. Nakuomba mikono mitupu. Usiende." Akavuta pumzi. "Siku ile ya mafuriko Aaron alikuja hapa hapa ulipo. Akasimama hapo hapo. Akaniambia, baba, nyumba ya rafiki yangu kule Jangwani imeingiwa maji, naenda kuwasaidia kutoa vitu. Nilikuwa na wateja. Nikamwambia nenda. Yeye hakutoroka, Elieshi. Watu wanadhani alitoroka. Mimi ndiye niliyemwambia nenda."

Mama alijifunika uso kwa pazia lile.

"Hilo neno siwezi kulisema tena. Nimejaribu. Hata ulipokwenda mara ya kwanza kwenye hiyo boti sikulisema, nilijifanya nina mgeni. Ukitaka kuondoka, ondoka, wewe ni mtu mzima. Ila usinisubiri niseme."

Nilikaa na kaka yangu nyumba moja, nililala naye chumba kimoja, nilimzika. Sikuwahi kuambiwa hilo. Nilitamani kumkumbatia baba na nilitamani kumtikisa mabega, na sikufanya hata kimoja. Niliogopa kwamba nikimgusa tu sitatoka. Nikatoka.

Tulitembea na Dhaval mpaka Mnazi Mmoja, tunakwepa mikokoteni na watu, yeye na robota lake, mimi na begi langu. Gari letu lilikuwa kando ya uwanja, maboksi ya dawa yamejaa mpaka juu, chanjo kwenye masanduku yenye barafu. Dereva alikuwa amesinzia kwenye usukani. Dhaval akasukumia robota nyuma, akanifungulia mlango wa mbele. Harufu ya spiriti na ya maturubai yenye unyevu ikanipiga usoni. Harufu ile kwangu ni nyumbani.

Niliweka mguu mmoja ndani.

"Panda," akasema.

"Dhaval, mzee wako alisemaje ulipoondoka?"

Angeweza kunidanganya, na kwa hali niliyokuwa nayo ningemwamini.

"Hakusema chochote. Niliondoka alipokuwa amekwenda hekaluni. Nilidhani nikirudi na kazi nzuri, na watu wamepona, atanielewa. Sasa nikiingia nyumbani anainuka anakwenda chumba kingine. Ananiachia nafasi kama mgeni." Alishika mlango wa gari kwa nguvu. "Ulitaka nikwambie inapona? Haijapona, Eli. Asubuhi tukiwa mtoni nasahau. Jioni inarudi."

"Kwa nini unaniambia? Si unataka nije?"

"Nataka uje kuliko kitu chochote. Ndiyo maana nakwambia."

Hapo ndipo nilipompenda zaidi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilijiona nipo kwenye boti, Husna ameshika mkono wangu, pacha wa kwanza analia, na mimi nafikiria mzee mmoja amekaa juu ya kigoda na viganja vimetazama juu. Ningerudi mzima. Nilikuwa na hakika ningerudi mzima. Lakini kila siku ambayo ningekuwa huko, baba angekuwa ananizika, asubuhi ananizika, jioni ananifukua ili kesho anizike tena. Isale ningelirudisha kwa mwenyewe na nikaondoka na haki yangu. Lile ombi la mikono mitupu sikujua pa kulirudisha.

Nikautoa mguu garini.

"Usinifanyie hivi," Dhaval akasema.

"Nataka aliseme lile neno. Nataka aniambie nenda."

"Amekwambia hawezi."

"Ataweza. Nitakaa naye. Nitakula naye, nitauza naye, nitamwomba kila siku mpaka achoke. Nikiondoka leo hatalisema tena mpaka afe, na mimi nitakuwa kama wewe. Nisamehe, mpenzi, lakini sitaki kuwa kama wewe."

Ilimuuma. Niliona ilivyomuuma, akapepesa macho akatazama uwanjani ambako wanafunzi walikuwa wanapita.

"Na asiposema?"

Nilifungua begi langu, nikatoa nguo zangu mbili na chaja, nikampa begi lenyewe.

"Pacha wa pili amekaa vibaya, utamkuta ametanguliza makalio. Usimvute. Nakujua, una haraka. Mwache ashuke mwenyewe, wewe mshikilie tu. Na ukiona damu hazikatiki, usingojee maji ya mto yajae, mpakieni hivyo hivyo mpeleke hospitali. Mwambie Husna kwamba... Mwambie kanga ya watoto nitaituma."

"Atanitukana."

"Atakutukana sana. Mvumilie."

Nilimshika mkono nikauweka shavuni kwangu, hapo hapo barabarani, mchana kweupe. Watu walitazama. Watazame. Mkono wake ulikuwa na sugu za kamba za boti, mkono wa daktari gani huo, na nilijua nitaukumbuka hivyo. Alifunga macho. Halafu akaingia garini, akamgonga dereva begani, na gari likaondoka polepole kwa sababu ya foleni. Ule ndio uliokuwa unyama wenyewe. Foleni ilimweka mbele yangu muda mrefu, ananitazama kupitia kioo, mimi nimesimama na nguo mkononi, na ningeweza kabisa kutembea tu nikaufungua mlango. Sikutembea. Gari likapinda kona, likapotea.

Nilirudi kwa miguu yangu. Hakuna aliyenivuta, hakuna aliyenifuata. Niliingia mtaani kwetu, nikapita viatu vinavyonadiwa, nikapita muuza maji, na kila hatua ilikuwa ngumu kuliko ile ya nyuma yake.

Duka lilikuwa wazi, kaunta haina mtu. Baba alikuwa amekaa kizingitini, kitu ambacho hajawahi kukifanya, suruali yake ya kitambaa imeingia vumbi. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani kwake. Baba aliponiona alianza kuinuka, akashindwa, uso wake wote ukafunguka kama wa mtoto.

"Umerudi," akasema. "Mwanangu, umerudi."

"Nimerudi, baba," nikamwambia. "Lakini usifurahi."

Akasogea pembeni kunipisha, nikaingia ndani.